Kijino Aliyepanda Kichuguu Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa gani, ya wagonjwa? Mmekula nyie, au mmenijia na matumbo matupu? Haya, turudie. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Hapo nasikia watu wameshiba. Sasa yule mtoto aliyejificha nyuma ya khanga ya mama yake aje akae huku mbele, maana hadithi ya leo ni ya kwake. Jina simtaji. Mwenyewe anajijua, na mama yake anamjua.

Hapo kale, kale ile wanyama walipokuwa na shule na watu hawana, kulikuwa na ngiri mdogo wa kike. Jina lake Kijino. Aliitwa hivyo kwa sababu meno yake ya nje, yale ambayo ngiri mkubwa anatishia nayo simba, kwake ndiyo kwanza yalikuwa yanachungulia. Aliishi na mama yake tu, kwenye shimo safi, nje kidogo ya mbuga.

Sasa ngiri, kama hamjamwona, ana mambo yake mawili.

La kwanza, ngiri hali wima. Shingo yake fupi, majani yako chini, atafanyaje? Anakunja miguu ya mbele, anapiga magoti, pua chini, mkia juu, anakula. Babu yake alikula hivyo. Bibi yake alikula hivyo. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

La pili, ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Anaingia kinyumenyume. Makalio yanatangulia, uso unafuata. Kru, kru, kru, anarudi nyuma mpaka amefika ndani kabisa, na macho yake yako pale pale mlangoni. Mtu akija, anakuta anatazamwa.

Mama Kijino alimfundisha mwanawe mambo haya angali ananyonya. Alimwambia, "Sisi hatumpi mtu kisogo, mama. Aje simba, ije mvua, aje mgeni, watukute tunawatazama." Kijino aliitikia, akaingia shimoni kinyumenyume, kru, kru, kru, na mama yake akafurahi.

Basi siku zikaenda, Kijino akafika umri wa shule.

Shule yenyewe ilikuwa uwanjani, kwenye migunga michache, na katikati ya uwanja palikuwa na kichuguu kikubwa. Mwalimu alikuwa Korongo. Miguu myembamba, mdomo mrefu, sauti kavu. Alifundisha akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na akikasirika alibadili mguu. Alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie. Alijua visima vyote vya nchi ile na njia zote za kuvifikia. Lakini alikuwa na sheria moja. Mapumziko yalipofika, sheria ikasomwa.

"Hapa shuleni tunakula wima," Mwalimu Korongo alisema. "Kichwa juu. Hakuna kuinama."

Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Zamani kidogo, Kijino hajazaliwa, chui alimnyakua mwanafunzi aliyekuwa amezamisha kichwa kwenye majani. Alimnyakua mchana, mwalimu anaona. Tangu siku hiyo Korongo hakutaka kuona kichwa kikiinama. Na nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu.

Kijino siku hiyo ya kwanza hakuwa amesikiliza vizuri. Alikuwa na njaa. Akaona majani mabichi, akakunja miguu, akashuka magotini, akaanza kula. Chaka, chaka, chaka.

Kiranja wa shule alikuwa swala mmoja anaitwa Madaha. Alikuwa wa kabila lile la swala wenye shingo ndefu, ambao wakitaka kula husimama kwa miguu ya nyuma na kuchuma majani ya juu kabisa. Kwake yeye kula wima ilikuwa raha tupu. Sheria kama iliandikwa kwa ajili yake. Madaha akamwona Kijino, akaacha kutafuna.

"Tazameni," akasema. "Ngiri anaomba. Anawaombeni msamaha kwa sura yake."

Kwi kwi kwi. Darasa zima likacheka. Akacheka pundamilia, akacheka nyumbu, akacheka hata mtoto wa kobe, ambaye yeye mwenyewe, jamani, hata akisimama humwoni.

"Simama, mtoto," Mwalimu Korongo akasema. "Unataka kuliwa?"

Kijino akasimama. Masikio yalimwaka moto. Majani yalikuwa bado mdomoni, na yalimshinda kumeza.

Tangu siku hiyo hakula tena shuleni. Mapumziko yakifika, wenzake wanatafuna kidogo wanachofikia wima, yeye anazungukazunguka. Na kwa kuwa njaa haina adabu, ikawa inamsumbua. Akagundua kwamba gome la mgunga lina utomvu, ule unaotoka matone matone ya rangi ya asali. Ni mtamu. Unaulamba wima. Hakuna wa kukucheka. Basi Kijino akawa mtu wa utomvu. Lamba, lamba, lamba. Akishalamba anachangamka kidogo, anacheka peke yake. Halafu kabla kipindi hakijaisha, miguu inamtetemeka na kichwa kinakuwa kizito, na anachosema mwalimu kinamfikia kwa mbali.

Nawajua wengine humu wenye utomvu wao. Mifuko yao inachakarika tangu nilipoanza kusema. Endeleeni, nawaona.

Sasa mambo yakaingiliana. Kwa kuwa hakula, alisahau. Kwa kuwa alisahau, mwalimu alimwita mara kwa mara. Kwa kuwa aliitwa, alianza kuiogopa shule. Na kwa kuwa aliiogopa shule, asubuhi tumbo lilijikunja, chakula cha nyumbani nacho hakikupita.

"Kula, mama," mama yake alimwambia kila asubuhi.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na ndiyo kwanza umeamka?"

"Nimeshiba tu."

Mama yake akamfungia chakula kwenye jani pana. Mizizi ya ndago iliyochimbuliwa asubuhi hiyo hiyo, tini mbivu za mkuyu, na vikonyo vichanga vya majani. Chakula cha heshima. Kijino alikishika, akaaga vizuri, akaenda. Njiani palikuwa na shimo lililoachwa la muhanga, yule mla mchwa. Akifika hapo, anatazama kushoto, anatazama kulia, anatumbukiza. Puu. Anaendelea na safari. Kesho tena, puu. Keshokutwa tena, puu.

Mbavu zikaanza kuonekana. Mama akaziona, akawa anatazama.

Siku moja jua likiwa bado kali, Mama Kijino alikuwa anatafuta mizizi upande ule. Akasikia harufu. Akaifuata. Akafika kwenye shimo la muhanga, akachungulia. Akaona majani yake mwenyewe, mafundo yake mwenyewe, tini zimeoza, ndago zimeota ukungu. Nzi wanafanya karamu.

Mama wa pale nyuma, wewe ungepiga kelele mpaka wa bonde la pili wasikie. Usikatae. Mama Kijino hakupiga kelele. Alikaa kando ya shimo lile akamsubiri mwanawe atoke shule.

Kijino akaja, akamwona mama yake pale. Akasimama.

"Kaa hapa," mama akasema.

Akakaa.

"Hii mizizi nimechimba kwa pua yangu. Sasa sikuulizi kwa nini umeitupa. Nakuuliza tumbo lako lina nini."

Kijino akatazama tini zilizooza. Halafu machozi yakatoka, na maneno yakatoka nayo. Akasema ya Madaha. Akasema ya kupiga magoti. Akasema ya mwalimu na sheria yake, na macho ya wenzake, na jinsi tumbo linavyojikunja asubuhi mpaka anatamani augue kweli ili asiende.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilionekana kwenye manyoya ya mgongo, yamesimama yote.

"Sikia," akasema. "Kuna tumbo la njaa na kuna tumbo la shule. Ni matumbo mawili, na wewe umeyachanganya. La njaa linakwangua, na dawa yake ni chakula. La shule linajikunja, na dawa yake ni kulisema kwa sauti, kama ulivyolisema sasa hivi. Wewe la njaa umelipa utomvu, na la shule umelificha. Yatapona vipi?"

"Sijui."

"Kesho naenda huko nikaonane na huyo Korongo. Atabadili miguu mpaka achoke."

"Usije, mama," Kijino akasema upesi. "Nakuomba. Ukija watanicheka zaidi."

"Basi utasema mwenyewe."

"Siwezi."

"Hujala, ndiyo maana huwezi," mama akasema, akainuka.

Kesho yake ilikuwa siku ya Kutaja Njia.

Niwaeleze. Nchi ile kiangazi kikifika visima vyote hukauka, inabaki chemchemi moja tu, mbali. Njia ya kwenda huko haionekani kwa macho, inakumbukwa kwa kichwa. Kila mwanafunzi alipaswa kupanda juu ya kichuguu, ageukie darasa, aitaje njia yote bila kuruka kitu. Anayeitaja, kiangazi anasafiri na wenzake, mbele, kwa miguu yake. Anayeshindwa anarudishwa kwa vifaranga wa kanga, anaanza upya, na safari ikifika anakokotwa nyuma pamoja nao. Hebu mfikirie ngiri katikati ya vifaranga. Hata kumkalia mmoja kwa bahati mbaya inawezekana.

Kijino njia aliijua. Nyumbani aliitaja vizuri, aliitaja akioga tope, aliitaja hata usingizini. Lakini asubuhi ile tumbo lilijikunja kuliko siku zote, na hakula kitu. Mama yake hakumlazimisha. Alimfungia jani lake tu.

"Lishike," akasema. "Ulipitishe lile shimo. Zaidi ya hapo sikuambii."

Kijino akafika kwenye shimo la muhanga. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akapita. Akabaki na jani lake.

"Shikamoo, mwalimu," wanafunzi wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Kaeni. Madaha, anza wewe."

Madaha akapanda kichuguu kwa kurukaruka, tip tip tip, akaitaja njia kama anayeimba, akashuka. Kisha akaitwa Tambo, mtoto wa twiga, mpole, mwenye haya. Tambo hakuwa na haja ya kupanda kichuguu, alikuwa mrefu kuliko kichuguu, lakini alipanda kwa sababu aliambiwa. Sauti yake ilikwaruza kama ya mzee. Akakohoa, akataja, akakohoa tena, akamaliza kwa shida.

"Kijino."

Kijino akainuka. Akapanda kama alivyoona wenzake wanapanda, uso mbele, mgongo kwa darasa. Nyuma yake akasikia mtu anacheka kidogo. Hakumwona nani. Akasikia mnong'ono. Hakumwona nani. Kila hatua mnong'ono ukawa mkubwa masikioni mwake. Alipofika juu akageuka, na macho yote ya darasa yakamvamia kwa mara moja.

"Taja njia," mwalimu akasema.

"Kutoka shuleni," Kijino akasema, "mkwaju uliopinda. Kutoka kwenye mkwaju. Kutoka kwenye mkwaju."

Kutoka kwenye mkwaju kulikuwa hakuna kitu. Kulikuwa kweupe. Miguu ikatetemeka. Tumbo la shule likajikunja, tumbo la njaa likakwangua, na Kijino, puu, akaanguka kwa magoti juu ya kichuguu.

"Anaomba tena," Madaha akasema, na darasa likacheka. Kwi kwi kwi.

Mwalimu Korongo akabadili mguu. "Kimya. Kijino, shuka. Baada ya mapumziko utapanda mara nyingine. Ukishindwa, utahamia kwa vifaranga leo hii hii."

Mapumziko yakafika. Kijino akaenda pembeni kwenye mgunga. Tambo akamfuata, akashusha uso wake kadiri alivyothubutu.

"Lamba utomvu kidogo," akasema. "Utapata nguvu."

Kijino akalamba. Mtamu. Akataka kulamba tena, akakumbuka namna miguu inavyotetemeka baadaye. Akamkumbuka mama yake amekaa kando ya shimo lililojaa nzi. Akaacha. Akaweka jani lake chini, akalifungua. Harufu ya ndago ikapanda, harufu ya udongo mbichi, harufu ya nyumbani. Tumbo likakwangua. Kwa mara ya kwanza akalitambua. Hili ni la njaa, akasema moyoni. Hili nalijua.

Na hapo, wenzangu, kitu kikamkereketa Kijino. Hakikuwa huzuni. Huzuni alikuwa ameizoea. Ilikuwa hasira, ya mtu aliyenyimwa chakula chake mwenyewe huku amekishika mkononi. Akakunja mguu mmoja. Akakunja wa pili. Akashuka magotini katikati ya uwanja, mchana kweupe, akaanza kula.

Chaka, chaka, chaka.

"Mwalimu," Madaha akaita, "Kijino amepiga magoti."

Uwanja mzima ukatulia. Mwalimu Korongo akaja kwa hatua ndefu, akasimama juu yake.

"Simama."

"Nimekusikia, mwalimu," Kijino akasema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Sisimami."

"Umesemaje?"

"Nimesema sisimami. Nina njaa. Ngiri hali wima, hajawahi kula wima, na leo siwezi kuanza mimi. Nikimaliza nitasimama."

Akaokota ndago nyingine, akatafuna. Mnaisikia hiyo? Mwalimu yuko juu yake na mdomo mrefu kama mkuki, na mtoto anatafuna. Sisemi mwende mkafanye hivyo kwa walimu wenu kesho asubuhi. Nasimulia yaliyotokea.

"Mimi simkatazi mtu kula," Korongo akasema. "Nakataza kuinama. Aliyeinama hamwoni chui. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Wewe hukuwepo."

"Ni kweli sikuwepo," Kijino akasema. "Na chui namwogopa, mwalimu. Namwogopa sana. Lakini nyumbani mama akipiga magoti, mimi nasimama natazama. Nikipiga magoti mimi, yeye anasimama anatazama. Hatujaliwa. Hapa tuko wengi, tunatazama wote, na mimi naumia njaa."

Mtoto wa nyumbu akatupa macho kwenye majani, kumtafuta chui.

"Mimi naona mpaka ng'ambo ya mto," sauti ikatoka juu. Alikuwa Tambo. Kila mtu akainua kichwa kumtazama, na Tambo akaona haya, lakini hakuacha. "Namwona hata paka anayepita kule kwenye majabali. Siku zote namwona. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi, mwalimu, tangu nianze shule sijawahi kunywa maji mchana. Nikitaka kunywa nalazimika kutanua miguu na kushusha kichwa mpaka chini. Ndiyo maana sauti yangu iko hivi."

Mwalimu Korongo akabadili mguu. Akabadili tena. Akautazama mkusanyiko ule wa watoto, akauona vizuri. Akaona mbavu za nyumbu. Akaona mtoto wa kobe, ambaye kila siku anaagizwa asimame na hafikii hata jani moja, anatafuna kijiti ili aonekane anakula. Ukimtoa Madaha, wote walikuwa na njaa au kiu. Wote walikuwa wamemcheka Kijino kwa mdomo mkavu.

"Tambo," akasema polepole, "tazama pande zote. Unaona nini?"

Tambo akazungusha shingo. "Naona majani. Naona twiga wa nyumbani. Chui hayupo."

"Basi endelea kutazama," mwalimu akasema. "Wengine, anayetaka kuinama ainame."

Hakuna aliyetangulia. Mnajua watoto. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Halafu mtoto wa kobe akasogea, so so so, mpaka karibu na Kijino, akavuta jani lililo chini, akatafuna kwa mwendo wake mwenyewe wa taratibu. Nyumbu akainama. Pundamilia akainama. Uwanja mzima ukaanza kutafuna. Chaka, chaka, chaka. Madaha peke yake alisimama kwa miguu ya nyuma, akachuma majani ya juu, amenuna. Lakini hata yeye kiranja alikuwa anakula anavyokula kwao, basi wakamwacha.

Kijino akala ndago zote. Akala tini. Akala vikonyo. Akasimama kama alivyoahidi.

"Sasa kichuguu," Mwalimu Korongo akasema.

Je, mnadhani tumbo la shule lilikuwa limeisha kwa sababu la njaa limejaa? Halikuisha. Lilijikunja vile vile. Kijino akafika chini ya kichuguu, akasimama. Mnong'ono ukaanza nyuma yake. Akafikiri kidogo. Kisha akageuka, akawatazama wenzake, akaanza kupanda kinyumenyume.

Makalio yakatangulia, uso ukafuata. Kru, kru, kru.

Lo, kicheko kilichotoka hapo. Walicheka mpaka wakajikanyaga. Kijino aliwaona wanavyocheka, mmoja mmoja. Aliona kwamba huyu anacheka kwa sababu yule amecheka. Aliona kwamba Tambo hacheki. Aliona kwamba mtoto wa kobe anamtazama na mdomo umejaa majani. Kila alivyorudi nyuma hatua, macho yale aliyazoea kidogo. Kicheko kikapungua, maana ni kazi kumcheka mtu anayekutazama usoni. Alipofika juu, hakuwa na kitu cha kugeukia. Walikuwa wote mbele yake, na alikuwa amekwisha kuwaona.

"Naogopa," Kijino akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Tumbo langu linajikunja. Haya, naanza."

Kimya.

"Kutoka shuleni, mkwaju uliopinda. Kutoka kwenye mkwaju, majabali ya pimbi. Kutoka kwa pimbi, mto mkavu, uvuke penye mchanga mwekundu. Kutoka kwenye mchanga mwekundu."

Akakwama. Kukawa kweupe tena. Kijino hakufumba macho, wala hakuanguka. Magoti yalitetemeka, akayaacha yatetemeke. Tumbo likanguruma, nguu, tumbo lililojaa, na harufu ya ndago ikamrudia puani.

"Kutoka kwenye mchanga mwekundu," akasema, "mti wa tai. Kutoka mti wa tai, kichaka cha miiba, upite kushoto, kulia kuna nyoka. Ukimaliza miiba unasikia vyura. Hapo umefika. Hapo pana maji."

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa kobe alipiga gamba lake kwenye jiwe, ko ko ko, maana kobe hana makofi. Nyumbu wakakanyaga chini. Hata Madaha alisema, lakini kwa chini, "Ameitaja yote," kisha akatazama pembeni.

"Umeitaja," Mwalimu Korongo akasema. "Kiangazi utatembea mbele. Shuka."

Kijino akashuka. Hakuenda kukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Tambo.

"Sasa nenda kanywe," akamwambia. "Sisi tutatazama."

Tambo akaenda kwenye kisima kilichokuwa pembeni ya uwanja, akatanua miguu, huku na huku, mpaka ikaonekana kama atapasuka. Akashusha shingo yote ile ndefu. Na darasa zima likamzunguka, migongo kwake, nyuso nje, macho kwenye majani. Hakuna jani lililotikisika likaachwa bila kutazamwa. Tambo akanywa. Glu, glu, glu. Akanywa maji ya siku zote zile.

Mwalimu Korongo alisimama nao, naye anatazama majani. Kijino alikuwa kando yake. Akasikia mwalimu anasema taratibu, karibu kama anayejisemea.

"Yule aliyechukuliwa na chui alikuwa anakaa mstari wa mbele. Kila asubuhi nikija hapa, tumbo langu linajikunja."

Kijino akamtazama. Hakujua kwamba mwalimu ana tumbo.

"Umekula leo, mwalimu?" akamuuliza.

Korongo akatikisa kichwa. Siku nyingi alikuwa hali mpaka watoto waondoke, kwa sababu korongo naye, ili ale, lazima azamishe kichwa chote kwenye tope.

"Basi Tambo akimaliza," Kijino akasema, "ni zamu yako."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Korongo akaingia kwenye tope la kando ya kisima mbele ya darasa lake, akainama mpaka macho yakapotea, akainuka na chura mdomoni. Watoto wakacheka sana. Safari hii na Kijino alicheka, na mwalimu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, Kijino akaamka, tumbo limejikunja. Ndiyo, limejikunja tena. Mlidhani litakwenda wapi?

Mama yake akamtazama. "La njaa au la shule?"

Kijino akasikiliza tumbo lake. "Yote mawili."

"Tuanze na lipi?"

"La njaa," Kijino akasema. "La shule nitalisema nikifika huko."

Akakunja miguu, akapiga magoti, akala. Mama yake akasimama juu yake, akiangalia mbuga.

Basi mmesikia. Mafunzo ni haya, na nayasema waziwazi asije mtu akasema hakuelewa. Wewe mtoto, hofu ya shule isikufunge mdomo, wala wa kusema wala wa kula. Iseme hofu yako kwa mtu. Kula chakula cha kweli kabla ya vitamutamu. Kula unavyokula kwenu, na anayecheka mtazame usoni mpaka achoke. Na ninyi wakubwa, mnaotunga sheria kwa sababu ya chui wenu wa zamani, waulizeni watoto kama wameshiba.

Hadithi yangu imeingia shimoni kinyumenyume, uso wake bado mnauona mlangoni. Imeishia hapo. Na wewe uliyekuwa nyuma ya khanga, sahani yako ile pale, nenda ukale. Mimi nitakuangalizia.